Peugeot 504 ya marehemu baba au Vitz: ipi ibaki?

Swali, kutoka Iringa
Ndugu zangu, marehemu baba aliniachia Peugeot 504 ya mwaka 1979 ambayo bado inatembea vizuri, nami nina Toyota Vitz ya cc 1,000 kwa safari za mjini. Uwezo wangu hauruhusu kutunza yote mawili. Kwa vipimo vyangu, Pijo huenda kilomita 9 kwa lita na Vitz kilomita 16, lakini kwenye njia ya shambani kule Kilolo Vitz huburuza tumbo kila tunapovuka makorongo. Naomba ushauri wa mliowahi kuyatumia yote.

Fundi wa siku nyingi
Mdogo wangu, 504 ilishinda mashindano ya Safari Rally mwaka 1975, na nguvu ya injini haikuwa sababu pekee. Springi zake ni laini na matairi yana nafasi kubwa ya kupanda na kushuka, hivyo bodi hutulia hata barabara inapokuwa mbovu. Kabureta na pointi (swichi ndogo ya kuzalisha cheche za plagi) utazisafisha mwenyewe kando ya njia, wakati sensa ya Vitz ikiharibika utahitaji kipimo cha kompyuta. Hata hivyo, inua zulia utazame sakafu, kwa maana injini ya gari hilo hufufuka, lakini bodi iliyoliwa na kutu humaliza fedha.

Mama wa watatu
Kaka, fundi amesema kweli kuhusu makorongo, ila hakuwagusa abiria, na kwangu hilo ndilo kubwa kuliko yote. 504 ya umri huo haina mito ya hewa (airbag) wala breki za ABS, zile zinazozuia magurudumu kujifunga unapokanyaga breki kwa nguvu. Mimi huteremka Mlima Kitonga nikiwa na watoto, nyuma yangu yakija malori yenye shehena, na siwezi kuwapandisha watoto hao gari lisilo na kinga hizo kwa sababu tu lina historia. Kagua pia Vitz yako: taa ya mto wa hewa iwake unapofungua swichi, kisha izimike.

Muuliza swali
Ahsanteni sana. Nimeinua zulia na kukuta sakafu ya upande wa dereva imetoboka, na wanangu husafiri nami kila Ijumaa, kwa hiyo Vitz ndiyo itakayobaki, ingawa moyo unaniuma. Fundi, je, nikiweka spesa (vipande vya kuinua bodi) juu ya springi za Vitz, tumbo litanusurika?

Fundi wa siku nyingi
Tumbo litapanda kidogo, lakini usizidishe, kwa sababu ekseli za mbele zitakaa kwa pembe kali na jointi zake zitakwisha mapema.