Projekta moja, kishikwambi kimoja, watoto 80 na ushei: naanzia wapi?

mwl_kaskazini_pemba

Assalaam alaykum walimu wenzangu na wazazi mliomo humu. Mie nasomesha darasa la pili huku Pemba, wilaya ya Micheweni, mkondo wa asubuhi, watoto 80 na ushei chumba kimoja. Kuna kijana wa hapa kijijini anafanya kazi Oman, kaja likizo katuletea projekta na spika ya kuchaji, Mungu amlipe, na mie mwenyewe nnacho kishikwambi katika vile vya sensa ya 2022 walivyogaiwa walimu baadae. Mwalimu mkuu kafurahi kweli kweli, kanambia haya, weye ndo kijana unaejua mambo haya, jumatatu uanze. Sasa naanza vipi ndo sijui.

Chumba chenyewe kina soketi moja tu na iko nyuma, ubao uko mbele. Madirisha ni matofali ya matundu, ikifika saa nne jua lote ndani. Umeme upo lakini Tukuza (umeme wa kulipia kabla) ikimalizika mpaka kamati ikae itafute pesa, na intaneti ni bando langu. Hayo yote nayaweza. Linalonisumbua ni jengine, nshaona kwengine projekta ikifika darasa linageuka sinema, watoto wanawekewa katuni mwalimu anapata nafasi ya kusahihisha madaftari, kengele ikilia ukiwauliza mmesoma nini wanakwambia simba kamla swala. Mie nina watoto kama 20 mpaka leo mba na nda na ng'o zinawapiga chenga, hao ndo nataka wasome. Nipeni vitu vya kufanyika kwenye darasa kama langu, si vya semina tafadhali.

fundi_darajani

Wa alaykum salaam mwalimu. Mie si mwalimu, ni fundi wa madude haya, ntajibu upande wangu tu.

Soketi ikiwa nyuma wageuze watoto watazame nyuma, basi. Nani kasema lazima kila kitu kiwe ubaoni? Hapo umejiepusha na ekstensheni kupita chini ya miguu ya watoto 80, jambo ambalo mie silipendi hata kidogo. Ukuta wa nyuma upakeni chokaa nyeupe. Projekta isogeze karibu na ukuta, picha inakuwa ndogo lakini kali, ukiirudisha mbali kwa tamaa ya picha kubwa mwanga unatawanyika unabaki na kivuli. Jua la saa nne hulishindi, mambo yako yafanye kuanzia saa moja na nusu mpaka saa tatu hivi, na matundu ya karibu na ukuta ule tundika kanga mbili nzito. Namba za mwanga zilizoandikwa kwenye boksi usiziamini sana, kama pembeni ya namba hapana neno ANSI, yaani kipimo rasmi cha mwanga, ujue ile ni namba ya kuuzia tu.

Kishikwambi na projekta huenda visisikilizane. Si kila kishikwambi kinatoa picha kupitia tundu la chaji, kwa hivyo usikimbilie kununua waya wa HDMI, azima wa mtu ujaribu kwanza. Njia nyepesi ni fleshi, unatia picha zako nyumbani unaichomeka kwenye projekta yenyewe, nyingi zina tundu lake, bando huhitaji tena. Na kama projekta ni ile ya taa ya kizamani usiizime kwa kuchomoa waya, zima kwa kitufe ungoje feni inyamaze, taa ikikatiwa ghafla na bado ina moto haidumu, na bei ya taa mpya utalia.

Programu za Kiswahili zipo za bure. Yale mashindano ya Global Learning XPRIZE yalifanyiwa majaribio Tanga hapo ng'ambo tu, vijiji kama 170, 2019 wakashinda wawili, Kitkit School na onebillion, na sharti lilikuwa programu zao ziachwe wazi kila mtu azitumie. Kusoma, kuandika, kuhesabu, vyote kwa Kiswahili na bila intaneti. Lakini kule kila mtoto alipewa kishikwambi chake, weye unacho kimoja, usije ukadhani utapata matokeo yale yale.

karafuu77

Yakhe mie ntasema msilopenda kusikia. Wenzetu walioanza na mavishikwambi haya zamani sasa wanarudi nyuma, Uswidi 2023 serikali yao imetoa pesa kurudisha vitabu vya karatasi madarasani, na UNESCO mwaka huo huo ripoti yao ya elimu duniani nzima ni kuhoji teknolojia hii inatumika kwa masharti ya nani. Sisi ndo kwanza tunaingia. Huyo kijana angeleta vitabu vya hadithi vya pesa hiyo hiyo mngekuwa na kitu hakihitaji Tukuza wala feni.

mwl_mkokotoni

karafuu77 hoja yako nakubali nusu. Uswidi wanarudi kwenye vitabu kwa sababu vitabu wanavyo! Mie kwangu kitabu kimoja watoto watano, wa pembeni anaona mgongo wa mwenzake tu. Projekta mie naitumia kama kitabu kikubwa, kuna tovuti ya African Storybook ina hadithi nyingi za Kiswahili, zimepangwa kwa ngazi, za mwanzo kabisa sentensi moja kila ukurasa, na zimetolewa kwa leseni ya wazi, ruhusa kushusha, ruhusa kutoa chapa, ruhusa hata kubadilisha maneno. Nashusha usiku, natia kwenye fleshi, asubuhi darasa zima linasoma ukurasa mmoja kwa pamoja mie nafuatisha kwa fimbo. Ukurasa mmoja tunaweza kukaa nao robo saa. Hapo hapana sinema.

Baadhi ya hadithi zina maneno ya bara watoto hawayajui, mie nabadilisha nnaweka ya kwetu, shule inakuwa skuli, mambo kama hayo.

La pili mwalimu ndo nnalolipenda zaidi. Nachukua simu napiga picha daftari la mtoto, jina nalifunika kwa kidole, napitishia kwenye fleshi kwa kile kidubwasha cha otijii (OTG) kinachounganisha simu na fleshi, naitia ukutani. Juzi ilikuja sentensi "gombe anakula majani". Nkanyamaza kimya sikusema kosa wala sahihi. Wakaanza, mwalimu hapana ng' pale, wengine ipo, wengine haipo, mmoja kanyanyuka mpaka ukutani kaweka kidole kwenye herufi ya mwanzo anasoma kwa sauti "go, go, go", kisha akageuka kuwatazama wenzake anacheka. Daftari lilikuwa lake yeye mwenyewe na hakuna aliyejua. Nkisimama ubaoni nkaandika ng'ombe kwa chaki wakaniiga mara kumi hawapati kile alichokipata pale.

Na karafuu77 akitaka kitu kisichohitaji umeme basi hii hapa: bandika karatasi ya manila ukutani, washa projekta, weka ramani ya Pemba au picha ya mkarafuu, mpe mtoto wa darasa la sita maka peni afuatishe mistari. Zima projekta. Picha imebaki na unayo mpaka ichakae, skuli zenye projekta zinaweza kuzichorea na jirani zao wasio nayo.

karafuu77

Hilo la manila nimelikubali bila ya ubishi. La daftari naogopa kidogo, siku moja mtoto atatambuliwa mwandiko wake aonewe huko nje.

mwl_mkokotoni

Inawezekana ndugu yangu, ndo maana mara nyingi naandika mwenyewe sentensi yenye kosa lile lile kwa mwandiko wa kitoto napiga picha hiyo. Hawajui.

mwalimu_mstaafu_wete

Mwanangu mwalimu salaam. Mie nimesomesha darasa la kwanza mpaka nimestaafu, na nawaona nyote mnazungumza projekta, spika mmeisahau kabisa. Naona spika ndo ilokuwa mali kuliko vyote alivyoleta kijana.

Nyinyi wengine mlikuwa wadogo, lakini kuanzia 2006 kulikuwa na mradi hapa Zanzibar unaitwa RISE, masomo kwa redio, kipindi chake Tucheze Tujifunze. Kilikuwa cha watoto wa maandalizi na madarasa ya mwanzo, wengine hawakuwa na skuli ya maandalizi karibu, wakikusanyika hapo kijijini na mlezi wao na redio moja. Watu wakidhani redio inasema watoto wanasikiliza, la. Redio ikiuliza, kisha ikinyamaza. Watoto wanajibu. Ikisema simameni, ikinyamaza, watoto wanasimama. Hesabuni vidole, kimya, wanahesabu. Kule kunyamaza ndo somo lenyewe, na ndicho kitu hizi video za siku hizi hazina, zinakwenda tu hazimngoji mtoto.

Sasa fanya hivi. Usiku kumetulia kaa na kishikwambi chako utie kurekodi sauti. Sema "mba". Hesabu kimoyomoyo mpaka 3. Sema "mba" tena. Kisha "mbo", nyamaza. Kisha "mbo-ga", nyamaza wakufuatishe. Kisha "andikeni mboga", hapa hesabu mpaka 20 maana kuna wazito wa kalamu. Changanya na kuwasimamisha kidogo wanyooshe miguu. Dakika 10 zinatosha sana, watoto wa umri ule hawana zaidi ya hapo.

Asubuhi unaiwasha. Darasa zima linaifuata sauti ya mwalimu wao, sauti wanayoijua, na weye mwenyewe una mikono mitupu, unakwenda kuchuchumaa kwa wale 20 wako unatega sikio nani anasema "mba" na nani anasema "ba", nani anatazama mdomo wa mwenziwe ndo anasema. Siku zote hukuwa na nafasi hiyo kwa sababu ulikuwa uko mbele unapiga kelele. Kidude hicho hakisomeshi watoto 80 mwanangu, kinawashika 60 ili weye ukae na 20. Wapange pamoja kwenye mkeka karibu yako lakini usiwaambie kwa nini.

Kishikwambi nacho wape hao hao, wawiliwawili, mmoja anasoma mwengine anarekodi, kisha wanasikiliza. Mtoto akijisikia mwenyewe anajua pale alipokwama kabla hujamwambia.

mzazi_jangombe

Naomba na mie mzazi niseme. Yote mazuri lakini mkishaanza mambo haya mnapiga watoto picha mnatia kwenye stetasi na TikTok. Mtoto wa jamaa yangu, skuli siitaji, alitiwa anasoma kwa kukwamakwama, watu wasiomjua wanacheka kwa chini, mtoto akakataa kwenda skuli. Mtoto hatoi ridhaa mwenyewe, anaeulizwa ni mzazi. Na hizo sauti za wawiliwawili zifuteni zikishasikilizwa, zisije zikaingia kwenye grupu. Najua na huyo kijana wa Oman atataka kuona kazi ya vitu vyake, haki yake, basi mpigieni picha ya ukuta na migongo ya watoto.

Jengine, mwanangu tangu walipoanza kutumia simu darasani akirudi kutoka chuoni kusoma Kurani jioni anataka simu yangu anasema ni kazi ya skuli. Walimu tuambieni wazazi kweli mmewapa kazi au hamkuwapa!

mwl_kaskazini_pemba

Ahsanteni sana sana, Mungu awalipe. Mzazi nimekusikia, kazi za simu za nyumbani mie sitoi, nusu ya nyumba za huku simu ya tachi iko kwa baba na baba yuko dago, kambi ya uvuvi, mwezi mzima. Ridhaa ntaileta kwenye kikao cha wazazi kabla ya kitu chengine chochote.

Bi mkubwa wa Wete, jana usiku nimerekodi mba na nda, leo nimejaribu asubuhi. Wale 20 nimewapata, wallahi nimegundua watatu hawana tatizo la kusoma kabisa, hawaoni ubaoni tu, nkiwaandikia karibu kwenye daftari wanasoma bila kukwama, nimeshamwambia mwalimu mkuu wazazi wao waitwe wapelekwe kupimwa macho. Lakini waliokaa nyuma walikuwa hawasikii vizuri, nkaongeza sauti mpaka mwisho, na wa mbele nao wakaongeza zao, ikawa vurugu. Spika niiweke wapi?

fundi_darajani

Iko mbele sasa hivi sio? Itoe mbele. Iweke katikati ya darasa, juu ya kitu cha usawa wa kichwa cha mtoto aliekaa, sauti nusu tu. Ukiipandisha mpaka mwisho hizi spika ndogo zinakoroma na herufi kama mb na nd ndo za mwanzo kupotea.

mwalimu_mstaafu_wete

Na kabla hujawasha waambie atakaejibu kwa kupiga kelele tunarudia kutoka mwanzo. Utarudia kweli siku mbili tatu za mwanzo, usichoke.