Naomba ushauri: jiko la nje, moshi unatufukuza mezani

Ndugu zangu, habari zenu. Niko Entebbe, karibu na ziwa. Nataka kujenga jiko la nje la kuchomea nyama na kupikia matoke wageni wakija, hasa kiangazi cha Desemba hadi Februari. Nafasi ni mita 3 kwa 4, nyuma ya nyumba. Nilianza na sigiri mbili chini ya turubai. Upepo wa ziwa ukaleta moshi wote mezani, shemeji akala huku analia. Nikazisogeza ukutani, ukuta ukawa mweusi. Fundi anasema tuezeke nyasi, mimi naogopa cheche. Je, nikiweka mabati, joto litavumilika mchana? Na dohani ipande juu ya paa kiasi gani?