Naomba ushauri: "turn a blind eye" niwafundisheje wanafunzi?

Wakuu habari zenu, naombeni msaada. Nafundisha kingereza kidato cha pili, juzi mwanafunzi kaniuliza "turn a blind eye" maana yake nini na imetokea wapi, nikamwambia ni kufumbia macho, yani kosa unaliona kabisa afu unajifanya hujaliona. Asili yake nikamwambia asubiri nikasome kwanza.

Nimesoma, wengi wanaihusisha na Nelson, yule admeri (kamanda wa jeshi la majini) wa Uingereza ambae jicho lake la kulia liliumia vitani huko Calvi, Corsica mwaka 1794. Sasa 1801 kwenye mapigano ya Copenhagen mkubwa wake Hyde Parker akapandisha bendera za ishara kwamba waache kupigana, inasimuliwa Nelson akaweka darubini kwenye lile jicho bovu akasema ishara haioni, akaendelea kupiga mpaka wakashinda. Stori tamu sana hii, najua darasa zima litatulia.

Kinachonisumbua ni kwamba kwetu ukisema mtu kafumbia macho jambo unamlaumu, mfano bosi kafumbia macho wizi, na hata kwa waingereza wenyewe siku hizi ni hivyohivyo, wakati Nelson yeye alisifiwa. Naogopa watoto wataenda kuitumia kama sifa kwenye mtihani. Mwalimu mwenzangu anasema niwape maana tu stori niache, mi roho inaniuma kuiacha.

Walimu na wakalimani mliopo humu mngefanyaje? Kipindi changu ni alhamisi.