Kikundi cha Wazazi, Darasa la Pili

*Alhamisi jioni, Machi 2021*

Mwalimu wa Darasa: Habari za jioni wazazi. Jumatatu tunarudi shuleni, baada ya masomo ya kwenye simu kwa sababu ya korona. Naomba msome mpaka mwisho kabla ya kuuliza. Darasa limegawanywa: kundi la kwanza Jumatatu na Jumatano, la pili Jumanne na Alhamisi. Ijumaa wote nyumbani, kazi nitatuma hapa. Geti linafunguliwa saa 2 kasoro robo. Kila mtoto aje na barakoa mbili, moja ya akiba. Madawati yako mita moja moja, na madirisha yatakuwa wazi muda wote, kwa hiyo sweta isisahaulike. Majina ya makundi nimeyaweka kwenye picha hapo chini.

Mama Zawadi: Asante sana mwalimu. Geti linafunguliwa saa ngapi?

Baba Juma: 😂😂😂

Mwalimu wa Darasa: Saa 2 kasoro robo, Mama Zawadi.

Baba Juma: *(Imesambazwa mara nyingi)* WAZAZI AMKENI!! Barakoa inamfanya mtoto avute hewa chafu aliyoitoa mwenyewe mpaka damu inakosa oksijeni. Tuma kwa watu 10 uokoe mtoto

Mama Pendo: Baba Juma jamani. Mimi ni muuguzi, naivaa zamu nzima, na bado nina pumzi ya kukujibu. WHO walishalikanusha hilo zamani. Na kuhusu umri, wao na UNICEF walitoa mwongozo Agosti mwaka jana: wa miaka 5 kushuka chini wasilazimishwe, wa 6 hadi 11 inategemea maambukizi ya mahali walipo na kama kuna mtu mzima wa kuwasimamia, wa 12 kwenda juu wavae kama sisi. Wetu wana 7 na 8, wako hapo katikati, na shule imeshaamua.

Baba Juma: Mimi nimetumiwa tu nikatuma

Mama Pendo: Hata korona huenea hivyo hivyo.

*Ujumbe huu umefutwa*

Bibi yake Rehema: mwalimu mimi barakoa sina ugomvi nayo. ninachouliza atasomaje. huyu akisoma huniangalia mdomo

Mwalimu wa Darasa: Shikamoo bibi. Umegusa panaponinyima usingizi. Hawa walifunga shule wakiwa ndiyo kwanza wanaunganisha silabi. Kumfundisha mtoto tofauti ya "ngoma" na "ng'oa", au "dhahabu" asiseme "zahabu", lazima aone ulimi unakaa wapi. Kwenye simu sauti ilikuwa inakatika hapo hapo. Sasa nitakuwa mbele yao, lakini mdomo umefunikwa.

Bibi yake Rehema: marahaba mwanangu. basi wewe fundisha herufi mdomo niachie mimi. nitamkalisha mbele ya kioo kila jioni tutoe ulimi wote wawili

Mama Zawadi: Bibi nitamleta na Zawadi 🙏🏾

Mama Pendo: Kibarazani lakini, msijifungie ndani.

Baba Musa: Samahani wazazi. Mwalimu, nina jambo. Nimewaza nikuandikie pembeni, ila acha niseme hapa hapa.

Baba Musa: Musa hajasoma mwaka huu. Simu ni moja, na mimi ninaondoka nayo saa 12 asubuhi. Kipindi kikianza nilikuwa naingia mimi, nazima kamera, naiweka mfukoni naendelea na kazi, ili jina lake lionekane. Jioni nikirudi bando limekwisha na mtoto amelala. Kwa hiyo hayo mahudhurio yote ni yangu.

*Kikundi kilikaa kimya dakika kama nne hivi.*

Mwalimu wa Darasa: Baba Musa, nilijua. Siku nyingine ulisahau kuzima kipaza sauti. Darasa zima lilikuwa linasikia mashine.

Baba Musa: 🙈 Na hukusema?

Mwalimu wa Darasa: Ningesema nini? Ukiona aibu utatoka, na likitoka jina sina tena pa kuanzia kukutafuta. Halafu hauko peke yako. UNICEF walikadiria mwaka jana kuwa watoto wasiopungua milioni 463 duniani hawakuweza kufikiwa na masomo ya mbali, redio na televisheni zikiwamo. Hiyo ni theluthi moja ya wanafunzi wote. Kosa langu ni kwamba niliendelea kutuma video wakati ningeweza kukuachia karatasi getini. Hilo nimelijutia.

Mama Zawadi: Madaftari ya Zawadi yote ninayo tangu mwanzo, Baba Musa. Mwandiko ni wa kuku lakini yapo.

Mwalimu wa Darasa: Nimeongea na mwalimu mkuu. Musa atakuja siku zote nne. Kila kundi lina dawati moja tupu.

Mama Neema: Samahani, sisemi vibaya, lakini hata wa kwangu yuko nyuma. Siku nne anapewa nani na kwa kigezo gani? Tulioishia kununua bando kwa kukopa tunaonekana tuko sawa?

Mwalimu wa Darasa: Swali lako ni la haki, Mama Neema. Wiki ya kwanza nitawasomesha mmoja mmoja, dakika tano tano, nijue kila mtu amefika wapi. Atakayekuwa nyuma zaidi ya Musa nitampisha kwenye hilo dawati. Musa mwenyewe ataambiwa hivyo.

Mama Neema: Hapo sawa.

*Jumatatu, saa 5 asubuhi*

Mwalimu wa Darasa: Wote wa kundi la kwanza wamefika. Barakoa tatu wameshabadilishana wenyewe, Mama Pendo usiniulize, nimetoa za akiba. Zawadi kila akitaka kujibu anasimama anauliza kwanza, "Mwalimu, unanisikia?"

Mama Zawadi: 😂😂 Jamani mwanangu

Baba Musa: Na wangu mwalimu?

Mwalimu wa Darasa: Nilipoita majina akaitika "nipo". Rehema akageuka nyuma, akamwangalia weee, akasema: "Kumbe wewe ndiye ile mashine!"

Baba Musa: 😂😂😂 Mwambie mashine ni baba yake

Mama Zawadi: Mwalimu, wanatoka saa ngapi?