Poni (farasi mdogo) kachechemea kidogo kwa daktari, ninunue au niache?

Mama Nuru: Habari wadau, niko Wales, binti yangu ana miaka 9 tumempata poni mtulivu kweli, hata akishikwa mkia hashtuki. Jana daktari wa mifugo kampima hatua zote 5 za ukaguzi wa kabla ya kununua, moyo na macho safi, ila alipomkunja mguu wa nyuma kama dakika moja kisha akakimbizwa, akachechemea hatua chache halafu akakaa sawa. Ana miaka 14, mwenye poni anasema ni uzee tu. Ninunue?

Kombo: Dada miaka 14 kwa poni si uzee, wengi wanapita 25. Mkunjo peke yake usikutishe ila piga eksirei ya huo mguu kabla hujatoa hela. Na hakikisha damu imechukuliwa, inahifadhiwa miezi 6, ukija kushuku alipewa dawa ya maumivu siku ile inapimwa.

Bi Shani: Mi ningeangalia kwato kwanza. Hao wa Wales wakiachiwa majani mabichi wananenepa haraka na kwato zinawauma vibaya, ukiona mistari ya kwato imetanuka kuelekea kisigino jua huenda washaugua.

Mama Nuru: Asanteni jamani, mwenye poni kakubali eksirei, kwato nitaziangalia mwenyewe kesho.