Tupeane uzoefu: ndege wanaoaga kaskazi ikiisha na masika yakianza, wewe umeona nini?

Mwanambuga
Wakuu, habari za jioni. Leo asubuhi nimepita karibu na uwanja wa mpira nikakuta mbayuwayu wamejipanga kwenye nyaya za umeme, hakuna hata nafasi ya mmoja kuongezeka. Walipofika mwezi wa 10 manyoya yalikuwa yamechakaa. Sasa wamevaa mapya yote: koo jekundu limekolea, mkia una zile nyuzi mbili ndefu. Wanajiandaa kurudi kaskazini kuzaa. Ndege wa gramu 20 hivi, halafu avuke Sahara! Hebu tupeane uzoefu. Kati ya Februari na Aprili umewahi kuona nini huko uliko? Taja mahali na tarehe kama unaikumbuka, maana bila tarehe hatutajua kama wanawahi au wanachelewa.

Bintimrima
Mimi ni wa Watamu, pwani ya Kenya. Kaskazi ikianza kulegea huwa nashuka kwenye hori la Mida maji yakitoka. Kuna wale vitwitwi wa mdomo uliopinda kwa chini, miezi yote ni wa kijivu tu. Ikifika Machi wanaanza kugeuka rangi ya matofali kuanzia kifuani. Unamkuta mmoja ana mabaka mabaka, mwenzake ameshaiva kabisa. Wanadonoa tope bila kupumzika, kwa sababu wanaenda kuzaa Siberia na mafuta ya mwilini ndiyo masurufu yao ya njiani. Na wale weusi kwa weupe wa mdomo mnene, wala kaa, nao huaga wakati huo. Wanaenda pwani za Uarabuni, wanachimba mashimo mchangani na kutaga yai moja tu.

Kozi_Nyika
Nakazia. Mida mwezi wa 3 ni habari nyingine.

Mkulima_Hanang
Uzi huu umenitonesha. Miaka kadhaa iliyopita, mwezi wa 3, viwavijeshi vilituvamia huku kwetu. Mahindi yalikuwa magotini, malisho yote yanatembea. Siku ya pili wakashuka korongo weupe, mamia kwa mamia, wakapanga mstari na kuanza kusafisha shamba wakitembea polepole. Wazee walifurahi mpaka wakakataza watoto wasiwarushie mawe.

Jioni hiyo ikaja mvua ya mawe. Korongo walikuwa wamelala juu ya migunga kule bondeni. Sisi tuko ndani, bati linapigwa hatusikilizani, na mimi nawaza wale ndege tu. Kulipokucha nikaenda. Ndugu zangu, chini ya ile miti kulikuwa kweupe. Wamelaliana, mabawa yamevunjika, wengine bado wanafumba na kufumbua macho. Nilikaa chini kwenye matope nikalia, mtu mzima na ndevu zangu.

Mmoja alikuwa amesimama kajikunyata kwenye kichaka, ameloa chapachapa. Mguuni, juu ya goti, ana pete nyeusi yenye herufi nyeupe. Vijana wakafika na mapanga, wanataka kitoweo. Mama mmoja akaona ile pete akapiga yowe: hirizi! Hapo ikawa balaa. Wa kumla hawamli tena, sasa wanataka kumchoma moto, na maneno yakaanza kuwa ametumwa na nani kwa nani, majina ya majirani yanatajwa. Nikavua koti nikamfunika, nikamkumbatia, nikawaambia atakayemchoma aanze na mimi. Nikamsogezea mzee wa kitongoji ile pete asome mwenyewe: DER na namba. Nikaiandika kiganjani kwa kalamu. Tukamweka kwenye ghala. Saa 6 mchana jua lilipowaka, nikafungua mlango. Akatembea, akatikisa mabawa, akaruka chini chini, kisha akapata hewa ya moto, akawa anazunguka tu akipanda hadi nikampoteza machoni. Baadaye nilituma ile namba kwa watafiti wa ndege, maana wao ndio huwavisha pete, nikajibiwa kuwa alivishwa pete akiwa kinda kiotoni, Ujerumani.

Dada_Chozi
Nimesoma huku machozi yananitoka. Mungu akubariki kaka.

MzeewaZiwa
Habari nzuri, ila nina shaka. Wanaofuata viwavijeshi huku kwetu ni wale korongo weusi wenye tumbo jeupe. Tena korongo mweupe ana miguu myekundu. Ulisema chochote kuhusu miguu?

Mkulima_Hanang
Mzee wangu, shikamoo. Mdomo ulikuwa mwekundu. Miguu ilikuwa na weupe kama chokaa, ndiyo maana sikuitaja.

DaktariwaMifugo
Basi ndiye. Korongo hujinyea miguuni makusudi ili apoe, ule unyevu ukikauka unaondoka na joto. Miguu myekundu inaonekana myeupe. Korongo mweupe na huyo mweusi wote hula viwavijeshi, hata kundi moja unaweza kuwakuta wamechanganyika.

MzeewaZiwa
Marahaba kijana. Nimekuelewa, hilo la miguu nilikuwa silijui.

Tai_Mkweli
Kumfungia ghalani ni kosa. Sheria ya Wanyamapori ya Tanzania ya 2009 hairuhusu kukaa na mnyamapori bila kibali. Ungeita afisa.

Mkulima_Hanang
Afisa yuko mbali na barabara imekatika kwa mvua. Nimsubiri huku wanakusanya kuni?

Kozi_Nyika
Tai, wewe ungefanyaje pale? Alimwachia siku hiyohiyo.

Dada_Chozi
Ukimpata ndege amelegea mpe maji ya sukari kwa bomba la sindano.

Bintimrima
Wapi! Wapwani tunawawekea dagaa.

DaktariwaMifugo
Msimimine kitu mdomoni jamani, maji yanaingia kwenye njia ya hewa na mnamuua. Boksi lenye matundu, giza, joto, kimya. Akichangamka, muachieni. Kama bawa limevunjika, hapo ndipo mtafute mtaalamu.

Mwanambuga
Hili la pete kudhaniwa hirizi si la Hanang peke yake. Mwaka 2013 Misri walimweka korongo kizuizini wakimdhania jasusi kwa sababu ya kifaa cha kufuatilia safari zake alichofungwa mwilini. Akaachiwa, halafu akaishia kuliwa. Na mwaka 1822 kuna korongo alifika Ujerumani na mkuki wa Afrika umempita shingoni, ukiwa na urefu wa sentimita 80. Wakati huo Wazungu wengine waliamini ndege hujificha chini ya maji wakati wa baridi. Yule akawa ushahidi kwamba hufika huku kwetu. Ndiyo maana nasema ukiona pete, piga picha namba, iripoti.

Tai_Mkweli
Hapo kwenye namba tuko pamoja.

Mgeni_Dodoma
Samahani kuingilia. Jana jioni nimeona kozi wadogo wengi sana kwenye miti ya shule, wanadaka kumbikumbi hewani. Ni akina nani?

Kozi_Nyika
Miguu ya rangi ya chungwa? Dume wa kijivu, akiruka chini ya bawa kuna weupe? Basi ni kozi wa Amur. Wanatoka kusini mwa Afrika, watavuka Bahari ya Hindi kuelekea India, kisha China na Urusi. Rudi leo kabla jua halijazama, hesabu unavyoweza, na utuwekee picha ya dume akiwa amefungua mabawa.