Gari la Molo limekataa kuwaka

*Jumatatu asubuhi*

Mama Neema: Hamjambo nyumbani. Gari limekataa kuwaka tena. Nikizungusha ufunguo linalia tik-tik-tik-tik, taa za dashibodi zinafifia, basi. Neema anatakiwa kliniki Nakuru saa tatu. Huku ni ukungu mtupu, hata lango silioni.

Shangazi: Pole sana mama. Mfunike mtoto vizuri kwanza.

Baba Neema: Niko kazini Kisumu hadi Jumatano, siwezi kutoka. Mjomba, umeamka?

Mjomba: Nimeamka. Mama Neema, acha kuzungusha ufunguo. Kila ukijaribu unakamua kile kidogo kilichobaki. Zima taa, redio, feni, kila kitu. Halafu fungua boneti uniambie vichwa vya betri, pale waya zinapofungwa, vikoje.

Mama Neema: Hiki chenye kifuniko chekundu kimeota unga kama chumvi, mweupe, na chini una kijani fulani. Waya wake unacheza.

Mjomba: Unga huo usiuguse kwa mkono mtupu, una asidi. Kuna jirani mwenye gari na waya za jampa, zile za kuazima nguvu ya betri nyingine?

Mama Neema: Yule wa pikapu ya maziwa anazo. Nimemtuma kijana akamwite.

Baraka: Mjomba, si walisukume tu? Pale kwa Bibi tulikuwa tunasukuma mpaka linawaka.

Mjomba: Lile lilikuwa la gia za mkono, Baraka. Hili ni otomatiki, mtasukuma mpaka Elburgon na halitawaka.
Mama Neema, msomee jirani hivi, polepole. Waya mwekundu kwenye chanya (alama +) ya betri yako, ncha ya pili kwenye chanya ya kwake. Waya mweusi kwenye hasi (alama -) ya kwake. Ile ncha nyeusi ya mwisho ISIENDE kwenye betri yako, ibane kwenye chuma kitupu cha injini yako, mbali na betri. Betri hutoa gesi inayoshika moto, na ncha ya mwisho ndiyo hurusha cheche. Asiwepo mwenye sigara hapo. Pikapu ingurume dakika tano, ndipo ujaribu.

Bibi: Mungu awasaidie. Mvulana wa maziwa ni mtu mwema.

Mama Neema: LIMEWAKA!! Asanteni. Mikono imekufa ganzi lakini limewaka.

Mjomba: Usilizime hata kidogo. Toa waya kwa kurudi nyuma, uanze na ule mweusi wa kwenye chuma. Pitia Sachangwan na Salgaa taratibu na ukungu huo. Nitakungoja kliniki na mita yangu ya kupimia betri.

*Jumatatu alasiri*

Mjomba: Nimepima. Gari lilipumzika saa mbili pale kliniki, na betri inasoma volti 12.1. Betri nzima iliyojaa hukaa 12.6, na hii imetoka safari ya saa nzima! Injini ikiwa inanguruma inasoma 14.2, maana yake altaneta, ile mashine ya kuchaji betri, inachaji vizuri. Kasoro ni betri yenyewe, haishiki tena.

Baba Neema: Kumbe! Kuna fundi hapa alitaka kuniuzia altaneta mwezi jana. Lakini Mjomba, betri hii Kisumu haikunisumbua hata siku moja. Tumehamisha gari Molo Machi, mara linakataa. Si ni baridi ya Molo imeiua?

Mjomba: Hapo ndipo wengi wanakosea, na nataka nyote msikie. Kilichoiua ni joto la Kisumu. Joto ndilo hukausha maji ya betri na kula vile vibati vya ndani, mwaka baada ya mwaka. Ila kukiwa na joto injini huzunguka kwa wepesi, kwa hiyo betri mgonjwa inajikaza na hujui. Ukiipandisha Molo, karibu mita 2,500, asubuhi ya Julai yenye nyuzi 8, mambo mawili yanakutana: oili inakuwa nzito, stata, ile mota ya kuwashia injini, inadai nguvu zaidi, na betri nayo nguvu zake zimepungua kwa sababu baridi inapunguza kasi ya kemikali. Baridi imefichua tu. Hii ina miaka minne na nusu, imefanya kazi yake.

Binamu Winnipeg: Mjomba amesema kweli. Huku Kanada Januari inashuka hadi chini ya sifuri nyuzi 30, magari yana waya unaoning'inia mbele, unachomeka kwenye umeme usiku injini isigande. Na betri iliyoisha chaji inaweza kuganda barafu na kupasuka. Iliyojaa haigandi.

Shangazi: Barafu ndani ya betri! Ee Mola.

Mama Neema: Na zile safari zangu za shuleni? Ni kilomita mbili tu, kwenda na kurudi.

Mjomba: Hizo ndizo zilizoimalizia. Kuwasha kunachota chaji nyingi, kilomita mbili hazirudishi. Angalau mara moja kwa wiki litembee nusu saa bila kusimama, nenda nalo hadi Njoro ukanunue mboga. Na unga ukiota tena: spana namba 10, fungua hasi kwanza, usugue kwa maji moto yenye soda ya kuokea na mswaki mzee, kausha, paka mafuta ya mgando. Kurudisha, hasi iwe ya mwisho.

*Jumanne asubuhi*

Mama Neema: Betri mpya imewasha mara moja, hata sijamaliza kuzungusha ufunguo. Ile ya zamani wameichukua dukani na kunipunguzia bei. Nimempelekea yule wa maziwa mandazi.

Bibi: Vizuri sana mwanangu. Na masikio ya Neema, daktari alisemaje?

Mama Neema: Yamepona, Bibi. Ila asitoke bila kofia.